Mwenye Vyombo

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka wa 1947. Mwaka wa 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na miaka michache baadaye akahamia bendi iliyompeleka mpaka majukwaa ya Ulaya: Super Matimila. Nyimbo zake bado zinapigwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Lakini hebu uliza watu kumi Matimila alikuwa nani. Mpiga solo? Mwimbaji wa zamani? Jina la mtaa? La. Matimila alikuwa mfanyabiashara. Yeye ndiye aliyekuwa na vyombo.

Kwa lugha ya wanamuziki wetu, "vyombo" ni kila kitu kinachofanya bendi isikike: magitaa, ngoma, maikrofoni, spika, amplifaya. Na "mwenye vyombo" si maelezo tu, ni cheo. Unaweza kuwa na sauti ya kutoa machozi na vidole vya moto, lakini mwenye vyombo akiamka vibaya, bendi haipo.

Tanzania ndiko jambo hili lilionekana wazi zaidi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, wenye mshahara kama karani au dereva. Mlimani Park Orchestra ilipozaliwa 1978, vyombo vilikuwa mali ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Kampuni ikayumba, na mwaka wa 1983 shirika la maendeleo la jiji, DDC, likaichukua bendi. Ndiyo maana mpaka leo watu husema DDC Mlimani Park. Kisha 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akaivunja bendi yake ya Orchestra Safari Sound, akawavuta Muhiddin Maalim na Abel Balthazar kutoka Mlimani, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mashabiki walibishana nani anaimba vizuri zaidi. Chini ya ubishi huo kulikuwa na swali lingine: nani amenunua vyombo vipya?

Huku Kenya hali haikuwa tofauti sana, ni majina tu yaliyobadilika. Miaka ya 1960 studio ya Equator jijini Nairobi, chini ya Charles Worrod, iliwaweka pamoja Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi wapige kama bendi ya studio. Maroon Commandos, walioanza 1970 na kutikisa nchi 1977 kwa "Charonyi Ni Wasi", walikuwa wanajeshi, na bendi yao ilikuwa ya jeshi.

Kwani ni kwa nini vyombo viwe na nguvu hivyo? Kizazi kilichotangulia hakikuwa na shida hiyo. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga mwaka wa 1952, ilitosha mtu mmoja na gitaa moja kavu. George Mukabi na wenzake wa magharibi mwa Kenya walikuwa na gitaa na chupa ya soda ya kukwaruza. Bendi nzima ilibebwa begani na kupanda baiskeli. Mtu akikosana na mwenye baa, anachukua gitaa lake anaenda.

Gitaa la umeme lilibadilisha hesabu. Fundi Konde, aliyehudumu katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huhesabiwa kati ya Wakenya wa kwanza kulipiga. Gitaa hilo likiwa peke yake ni kipande cha mbao. Nyaya zake zinatikisika mbele ya sumaku, zinazalisha umeme mdogo kabisa, na umeme huo hauwezi kusukuma hata spika ya redio. Lazima upite kwenye amplifaya, na amplifaya lazima ichomekwe ukutani. Kwa hiyo mwanamuziki sasa alihitaji mtaji, na alihitaji stima.

Na stima ilikuwa na ramani yake. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa 1922 kwa kuunganisha za Mombasa na Nairobi, na kwa miongo mingi nguvu ilikaa mahali ambapo reli, bandari, viwanda na mashamba ya walowezi yalikuwa. Weka ramani ya bendi za miaka ya 1960 juu ya ramani hiyo uone zinavyolala pamoja: Mombasa, Nairobi, Nakuru, Kisumu.

Isiolo haimo. Huku tulikuwa makao ya ile Northern Frontier District, iliyofungwa na wakoloni tangu 1926, mtu akihitaji kibali kuingia na kutoka. Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, DC wetu wa kwanza Mwafrika, Daudi Dabasso Wabera, alipigwa risasi na kuuawa. Desemba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka 1967. Hesabu miaka hiyo vizuri. Ndiyo miaka ambayo Equator ilikuwa ikitoa santuri na Nairobi inacheza twist. Huku watu walikuwa wakihesabiwa kambini. Hata amani iliporudi, lami iliishia Isiolo kwa miaka mingi. Ilikuwa karibu 2017 ndipo ikakamilika mpaka Moyale.

Muziki ulifika, bila shaka, ila ulikuja kwa betri. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka wa 1947, ilifanya redio ikae mfukoni na kuishi kwa mawe ya betri. Kisha Philips wakaleta kaseti mwaka wa 1963, na kaseti ikapanda lori, ngamia na mkoba wa mfanyabiashara. Isiolo ina Wasomali ambao babu zao walikuwa wanajeshi wa Waingereza, wakapewa makao hapa baada ya Vita vya Kwanza. Magitaa na vinanda vya Mogadishu vya miaka ya 1970 na 1980, bendi kama Iftin na Dur-Dur, vilisikika nyumba kwa nyumba. Hargeisa ilipopigwa mabomu 1988, watu walizika kanda za redio ardhini zisiharibiwe, na leo Redsea Cultural Foundation mjini humo inahifadhi zaidi ya kaseti elfu kumi. Watu wa kanda wanajua kuokoa kanda. Vyombo vyenyewe, vile vilivyotoa sauti iliyoingia kwenye kanda, ni nadra kuokolewa. Ni vizito, ni vya hatari kufungua, na ndani yake kuna shaba.

Shaba ndiyo inanileta kwenye amplifaya ya Bulapesa.

Mwenyewe ni mzee aliyepiga gitaa la rithimu katika bendi za hoteli na baa za Nanyuki na Meru miaka ya 1970. Bendi yake ya mwisho ilikuwa na mwenye vyombo kama zote. Baa ilipofungwa, wanamuziki walikuwa hawajalipwa miezi minne. Waligawana walichokikuta: mmoja akachukua ngoma, mwingine maikrofoni, mzee akaondoka na amplifaya. Akaipandisha lori la mbuzi lililokuwa likirudi Isiolo tupu. Kwa hiyo ile si amplifaya tu. Ni mshahara wa miezi minne ambao haukuwahi kugeuka pesa.

Ilikaa chini ya gunia zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana watu wa skrapu walipita, wakainua, wakauliza bei. Transfoma mbili nzito, waya wa shaba kibao. Unakumbuka Januari 2022 serikali ilivyosimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa? Marufuku iliondolewa miezi kadhaa baadaye na kilo zikarudi sokoni. Wanawe mzee hawakuwa wabaya kutaka kuuza. Nyumba inahitaji unga. Wao walichokiona ni sanduku lisilotoa sauti. Mzee akasema ipimwe kwanza na mtu anayejua stima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo, nikiwa siandiki, natengeneza redio na woofer za mtaa. Ikaletwa kwangu, kwenye meza ya jikoni.

Sasa, ukikutana na kitu kama hiki usikichomeke. Hilo ndilo la kwanza, hata kama mwenyewe amesimama hapo na hamu. Amplifaya ya valvu ina volti zaidi ya 300 ndani, na kapasita zake zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kutolewa. Unazimwaga kwanza kupitia rizista, unathibitisha kwa mita kwamba zimefika sifuri, na kila inapowezekana unafanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine nyuma, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Nembo ya mbele ilikuwa imebanduka, kwa hiyo niliisoma kwa ndani. Valvu mbili za EL84 za kusukuma spika, tatu za ECC83 za kukuza sauti, na EZ81 ya kugeuza umeme wa ukutani. Huo ni mpango wa Kiingereza, wa amplifaya ndogo za wati 15 hivi. Kioo cha valvu moja kilikuwa na maandishi ya kijivu yaliyofifia: Mullard, na chini yake msimbo unaoanza na B4. Mullard walikuwa na kiwanda kikubwa Blackburn, Uingereza, na B ni ya Blackburn. Tarakimu inayofuata ni mwaka, kisha herufi ya mwezi, kisha wiki. Nne hiyo yaweza kuwa 1964 au 1974. Waya za ndani zilikuwa na mipira ya zamani na rangi za zamani, nyekundu na nyeusi, basi nikaegemea 1964. Fikiria: wiki fulani mwanamke au mwanamume wa Blackburn alifunga kioo hiki, na huku Isiolo tulikuwa chini ya hali ya hatari.

Lakini kiwanda si mkono pekee niliokutana nao mle ndani. Kulikuwa na mikono mitatu.

Wa kwanza ni wa kiwandani: waya zimelala sambamba, solda inang'aa, hakuna tone la ziada.

Wa pili alikuwa bingwa. Transfoma ya kutokea, ile inayoungana na spika, iliwahi kuungua, na mtu aliisuka upya kwa mkono. Safu za shaba zilikuwa zimebanana, karatasi kati ya safu na safu, utepe wa pamba juu, kisha vanishi. Kusuka transfoma ni kuhesabu mizunguko maelfu bila kupoteza hesabu. Ukikosea unapata joto na sauti ya bati. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka, naye akaiziba kwa kaki na gundi iliyopakwa nyembamba isiongeze uzito. Kwenye bati la ndani, mahali ambapo mwenye amplifaya hawezi kuona, kulikuwa na penseli: Nanyuki 3/79.

Mkono wa tatu ulikuwa wa haraka. Fyuzi ilikuwa imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ujanja tunaoujua sote. Waya wa plagi ulikuwa wa nyuzi mbili, bila ardhi. Ni rahisi kumcheka huyu. Lakini fikiria saa nne usiku, ukumbi umejaa, fyuzi imekatika, na mwenye vyombo anasema onyesho likivunjika hakuna anayelipwa. Karatasi ile ililipa watu usiku huo, na ingeweza pia kumuua mpiga gitaa. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na mwenye vyombo hakuwa ndiye anayeshika nyaya.

Nilianza na waya huo: nyuzi tatu, ya kijani na manjano imefungwa imara kwenye bati. Kisha fyuzi ya kweli. Kisha kapasita kubwa za kuchuja umeme. Hizi zina maji ya kemikali ndani, na miongo ikipita zinakauka, zinavimba, na umeme unapita bila kuchujwa. Ndio ule mngurumo unaousikia kwenye amplifaya nyingi za zamani. Stima yetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa, mabaki yake yanangurumia mara 100. Sikio likizoea, unajua: wa 100 ni kapasita, wa 50 mara nyingi ni waya au ardhi. Niliagiza mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zikafika kwa matatu siku ya pili.

Kabla ya kuwasha, nilifunga balbu ya wati 100, ile ya zamani ya uzi, kwenye njia ya umeme. Kama ndani kuna njia fupi, balbu inawaka kali na kubaki hivyo, na hakuna kinachoungua. Kama ndani ni kuzima, inawaka kisha inafifia. Kuipata balbu yenyewe kulinizungusha maduka manne, kila mtu anauza LED. Nikaunganisha spika pia, kwa sababu amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika inaweza kuchoma transfoma ya kutokea, na sikutaka kuharibu kazi ya Nanyuki.

Ikafifia. Valvu zikaanza kuwa na rangi ya chungwa. Baada ya dakika mbili moja ya EL84 ikaanza kuwaka bati lake jekundu, si uzi, bati lenyewe. Nikazima. Hiyo ni dalili inayojulikana: kapasita ndogo inayopitisha sauti kutoka valvu ya mbele inavuja, inapeleka volti mahali panapotakiwa sauti peke yake, na valvu ya nyuma inafanya kazi mpaka inajichoma. Niliitoa valvu nikapima: palipotakiwa sifuri palikuwa na volti kadhaa. Kapasita mbili mpya za bei ya chapati, kwisha. Valvu iliyochoka nikaibadilisha. Siku hizi zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, basi, na Machi 2022 Urusi iliposimamisha kuziuza nje, wapiga gitaa wa dunia nzima walihaha. Mara hii ya kwanza Isiolo na London zilikuwa na shida moja siku moja.

Mzee alikuja na gitaa la kuazima. Hakupiga wimbo. Alipiga kodi tatu za rithimu, polepole, akigeuza nobu ya treble kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni. Sauti ya valvu haina ukali wa kukata. Ukiongeza nguvu inajaa kabla ya kupasuka. Kwa muziki wetu, ambapo solo, rithimu na besi zinasukana na kila mmoja lazima asikike peke yake, huo uwazi ndio ulikuwa kazi ya amplifaya. Alisikiliza, akasema besi ya zamani ilikuwa nzito zaidi. Nikamwambia ni spika, imezeeka. Akasema hata yeye.

Wanawe sasa wanajua mtandaoni vitu kama hivi huuzwa ghali kuliko shaba yake, na swali la kuuza halijafa, limepanda bei tu. Lakini jambo lingine limetokea. Vijana watatu wa mtaa wenye gitaa na kinanda walisikia, wakaja kumwomba mzee wafanyie mazoezi kwake. Kwa mara ya kwanza maishani, yeye ndiye mwenye vyombo. Alifikiria siku mbili. Masharti yake: hawalipi chochote, amplifaya haitoki kwenye boma lake, na wakipata kazi ya harusi wagawane sawa kabla ya kuondoka ukumbini, pesa mkononi. Sharti la tatu alilirudia mara mbili.

Historia ya muziki wetu tunaiandika kwa majina ya waimbaji, na majina ya wenye vyombo yamebaki kwa sababu waliyaandika kwenye bendi zenyewe. Mtu wa tatu hana mahali anapoandikwa. Aliyesuka transfoma ile Nanyuki alifanya sauti ya bendi ile iendelee, na rekodi yake yote ni neno moja na tarehe. Nyumba nyingi za Nakuru, Thika, Kisumu, Tanga na Mwanza zina masanduku kama haya chini ya magunia. Kabla hayajapanda mizani, mtu ayafungue kwa uangalifu, asome msimbo, apige picha solda, aulize iliingiaje nyumbani na nani alikuwa anadai nini.

Kabla ya kufunga skrubu za mwisho nilichukua penseli. Chini ya Nanyuki 3/79 nikaandika Isiolo, mwezi na mwaka, na mstari mmoja kwa fundi atakayekuja: fyuzi amp 1, ardhi imefungwa, transfoma ya kutokea ni ya mkono, usiiguse.